Kabla hujasema "watu wa huku ndivyo walivyo": jibu kwa uliyepewa timu mchanganyiko hapa Dodoma

Mkuu swali lako nimelisoma lote. Umesema umemaliza kusoma utawala chuoni, umepata usimamizi kwenye kampuni hapa Dodoma, una watu thelathini na kitu, wengine wameletwa kutoka Dar wengine wenyeji wa Bahi, Chamwino na Kondoa, wamegawanyika hadi mchana wanakula mafungu mawili, na kuna mama katoka likizo ya uzazi wenzake wananung'unika eti anaondoka mapema. Unauliza kama yale ya OB (somo la tabia za watu kazini) mliyosomeshwa chuo yana msaada au yalikuwa ya kujibia mtihani. Yana msaada aisee, tena mkubwa, ila watu wengi wanayashika vibaya. Mimi niko kiwanda cha kukamua alizeti maeneo ya Kizota, nimeanzia ghalani nikaja kusimamia shifti, naongea ninachokiona kila siku.

Cha kwanza kabisa, achana na ile habari ya "watu wa Dar wajanja wajanja, Wagogo wapole, Warangi hivi, Wachaga vile". Najua inaongeleka kirahisi na inaonekana kama uzoefu, lakini ndo inayowaharibia wasimamizi wengi kazi. Kuna mwanasaikolojia Lee Ross mwaka 1977 alilipa jina hili kosa, kwamba binadamu akiona mwenzake kafanya kitu anakimbilia kusema ndo tabia yake, anaruka mazingira yaliyomfanya afanye vile. Kibarua akichelewa ni mvivu, bosi akichelewa ni korongo lilijaa maji. Sasa ukichanganya hiyo na ukabila ndo balaa, maana kosa la mtu mmoja linageuka sifa ya watu wote wa kwao.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Pale kwetu vibarua wa kupakia na kushusha walikuwa wanapakia mashudu mpaka kiwango fulani halafu wanapunguza mwendo, gari liko pale, dereva anapiga honi, wao taratibu tu. Meneja mmoja aliyekuja kutoka Dar akasema wazi kwenye kikao kwamba watu wa huku hawapendi kazi. Mimi nikawa nakaa nao chini ya mwarobaini pale getini, ukikaa nao wanakwambia bila kuficha, msimu uliopita waliongeza kasi, wakawa wanapata hela nzuri kwa gunia, ofisi ikaona hawa wanapata nyingi ikashusha bei ya gunia. Kwa hiyo wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe, hakuna kuvuka kiwango, na kijana mgeni akijifanya ana nguvu anapewa za uso na wenzake mpaka anapoa. Sasa hapo kuna uvivu gani? Ni hesabu hiyo.

Na hili sio la Dodoma wala la Afrika. Mwaka 1931 na 1932 kwenye kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, kule Cicero karibu na Chicago, watafiti walikaa wakawaangalia wanaume 14 wanaounga nyaya za vifaa vya simu. Walikuta kitu kilekile, wafanyakazi wana kiwango chao wenyewe cha kazi ya siku, anayezidisha anapigwa ngumi ya mkononi na wenzake kumkumbusha, na sababu mojawapo ilikuwa kuogopa kwamba wakizidisha ofisi itapunguza malipo au watu watapunguzwa kazi. Vyuoni mnafundishwa sana ile ya taa ya Hawthorne, kwamba uzalishaji ulipanda hata mwanga ulipopunguzwa, ambayo wataalamu wa baadaye wameichambua upya na kuibishia, lakini hii ya chumba cha nyaya ndo ina faida kwa msimamizi wa kibongo. Wamarekani wa mjini mwaka 1931 na vibarua wa Bahi wana tabia moja kwa sababu mpangilio wa malipo ni mmoja. Sisi ofisi ilipokubali kuandika bei ya gunia kwa msimu mzima na kuibandika ukutani, mwendo ulibadilika bila semina wala kufukuzana.

Njoo kwenye ukimya sasa, maana nahisi na kwako upo, umesema wenyeji kwenye kikao hawachangii. Pale kwetu kupokea alizeti kuna dada mmoja binti wa Kongwa kalelewa shambani. Alizeti kavu ukitumbukiza mkono kwenye gunia unazama hadi kiwiko bila shida, yenye unyevu inagoma na unasikia ubaridi vidoleni, na ukiing'ata kavu inapasuka na yenye maji inakunjika tu. Yule dada hakosei. Siku moja limekuja fuso, mtunza ghala ambaye ni mzee wetu kabisa, mtu wa kuamkiwa shikamoo na kila mtu pale, akapitisha mzigo kwa sababu kipimo cha unyevu kilikuwa kimekufa betri na yeye alimwamini mteja. Magunia yakapangwa. Baada ya siku kadhaa rundo likaanza kuchemka, ukiingiza mkono katikati ni moto na harufu ya uvundo, mzigo ukawa wa kutoa na kuanika upya na mwingine kutupa. Dada alipoulizwa akajibu kwa sauti ndogo tu, "niliona, lakini mzee alishasema uko sawa".

Watu wakamgeukia yeye, mbona hukusema. Mimi nikasema hapana jamani, huyu angesemaje? Mbele ya dereva, mbele ya mteja, amwambie mzee umekosea? Kwenye malezi yetu hiyo ni utovu wa adabu, na mzee naye asingepokea. Amy Edmondson wa Harvard aliandika mwaka 1999 kuhusu timu ambazo mtu anaweza kusema kosa au kuuliza bila kuogopa kuaibishwa, na kabla ya hapo kwenye utafiti wake wa hospitali alikuta kitu cha kushangaza, kwamba timu zilizoonekana nzuri ndo zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye ripoti, na maelezo yake ni kwamba kule watu walikuwa huru kuyataja. Kwa hiyo mkuu kikao kikiwa kimya usifurahi.

Tulichofanya ni kutafuta njia ambayo heshima inabaki na taarifa inapita. Yeyote anayepokea akilitilia shaka gunia analiweka pembeni, basi, hasemi kitu na haulizwi kwa nini, halafu mzee ndo anaitwa kuja kupima na kutoa uamuzi. Mzee anabaki mwenye neno la mwisho na dada hajambishia mtu. Ndani ya msimu huohuo mzee mwenyewe akawa anamwita, "mwanangu njoo ushike hili". Ukija na ile ya kizungu ya kuwaambia watu "semeni tu msiogope, mlango wangu uko wazi" hautapata kitu, mlango uko wazi lakini nani apite.

Hayo mafungu mawili ya kula sasa. Kaa chini uandike orodha ya watu wako, kila mtu anatoka wapi, umri, mkataba wa kudumu au kibarua, ana posho ya nyumba au hana, anafanya shifti gani. Nakuhakikishia utakuta waliotoka Dar wengi ndo wenye mikataba, ndo wenye posho, ndo wanaoshika kompyuta, na wenyeji ndo vibarua na shifti ya usiku. Tangu serikali ianze kuhamia kwa kasi baada ya tamko la 2016 hapa mjini hali hii iko ofisi nyingi, binafsi na za umma. Watafiti Dora Lau na Keith Murnighan mwaka 1998 walieleza hili vizuri sana, kwamba utofauti mmoja mmoja hauna shida, shida ni pale utofauti kadhaa unapopangana mstari mmoja, asili, umri na cheo vyote vikakatia sehemu moja, hapo timu inapasukia kwenye huo mstari. Watu wako wamegawanywa na mikataba na ratiba, Dar na Dodoma ni jina tu. Tibu mstari: changanya shifti, mwenyeji afundishwe mfumo wa stoo, wa Dar akae mzani na kibarua mzoefu amfundishe kushika mzigo, na nafasi ya mkataba ikitoka itangazwe ubaoni kila mtu aione. Kuna vigezo vinawekwa kumfungia mtu nje tu, "awe na uzoefu wa Dar" kwa kazi ya kupima alizeti, hiyo ya nini?

Utani nao uangalie. Sisi tuna utani wa makabila, Mgogo na Mhehe wataniane hata msibani hakuna neno, na mimi naupenda, unalainisha kazi. Ila utani una sharti, lazima mwenzio aweze kurudisha. Msimamizi anapomtania kibarua kwamba kwao ni ombaomba na kibarua anachekacheka tu kwa kulinda kibarua chake, hapo hakuna utani, ni unyanyasaji, na ukiuacha hata dakika moja wote wanajua uko upande gani. Likemee palepale kwa upole.

Sheria isome mwenyewe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa kabila au mahali mtu anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU, umri na mengine. Na kampuni yenye waajiriwa 20 na kuendelea, sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inataka wawe angalau asilimia 3, muulize HR wenu mko wapi.

Mwisho huyo mama. Sheria hiyohiyo ya 2004 inampa siku 84 za likizo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi ana haki ya mpaka masaa mawili kwa siku kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Waambie watu wako hivyo, kwamba sio hisani ya bosi. Lakini usiwaone wabaya, maana mwanasaikolojia Stacy Adams alishaeleza mwaka 1963 kwamba mtu anapima anachotoa na anachopata halafu anajilinganisha na mwenzake, na ninavyokisia kazi zake za jioni mmewarushia wenzake bila malipo wala kuulizwa, si ndio? Basi kaa na mama uchague naye, lisaa limoja mchana na lingine jioni kabla ya kutoka, au yote mawili jioni, halafu kazi ya kufunga hesabu za siku iwekwe zamu kwa majina na anayebaki alipwe ovataimu. Hilo fanya wiki hii. Mafungu ya kula usiyaguse kabisa kwanza, usiwalazimishe kukaa meza moja, anza na shifti, na ile orodha ukishaiandika iweke hapa bila majina tuiangalie pamoja.