Jibu: Wanachama wanapata taarifa za chama mkutano ukishapita

Kamwene mwalimu. Nimekuelewa: kundi la WhatsApp la tawi la chama chetu cha walimu lipo, lakini walimu wa shule za pembezoni huko Makete wanasikia habari za mkutano ukishapita, kisha wanauliza makato yao ya mshahara yanayokwenda chamani yanafanya kazi gani.

Kabla ya kulaumu mtandao, chukua orodha ya wanachama uilinganishe na namba zilizo kwenye kundi. Mimi nilipokuwa mwakilishi wa shule huku Kilolo nilikuta waliohama bado wamo, wageni hawamo, na wawili walibadilisha laini zamani. Kazi ya jioni moja.

Pili, kundi lifungwe, viongozi tu ndio waandike. Tangazo la mkutano likizikwa na salamu za asubuhi na picha za maua, nani atalitafuta?

Kwa shule zisizo na mtandao, tumia meseji ya kawaida kwa mtu mmoja kila shule, naye ajibu "nimebandika" akishaiweka ubaoni ofisini. Asiyejibu, mpigie. Masika barabara zikiharibika usitegemee barua ya kupitia bodaboda. Yetu moja ilifika baada ya wiki mbili, imelowa.

Suala la makato usilijibu kwa maneno matupu. Bandika mapato na matumizi ya tawi, hata ukurasa mmoja. Anayedai hakuwahi kujiunga, muombe katibu wa chama wa wilaya fomu yake ya TUF 6, ndiyo inayoruhusu makato.

Sekondari sijawahi kuratibu, waliopo huko waongezee.