Kuchora kunakuzidishia huzuni? Anza kwa kubadili kifaa

Mkuu, umesema umefiwa, ukashauriwa uchore huzuni yako kila usiku kwa rangi za maji, na sasa kila ukiinuka mezani hali ni mbaya kuliko ulipokaa. Wachangiaji waliotangulia wanakwambia uvumilie mpaka "yote yatoke". Siafiki. Huzuni si usaha kwamba ukiukamua unaisha. Ukiichora ileile kila siku bila mpaka, unaifanyia mazoezi.

Mwaka 2008 watafiti Dalebroux, Goldstein na Winner waliwaonyesha watu filamu nzito, kisha wengine wakachora walivyojisikia na wengine wakachora kitu cha kufurahisha. Waliochora cha kufurahisha ndio walioinuka moyo zaidi. Hiyo ni nafuu ya muda mfupi, kwa hiyo haina maana huzuni isichorwe kabisa. Ila isiwe kazi ya kila usiku, tena karibu na kulala.

Kosa kubwa zaidi lipo kwenye rangi zenyewe. Wataalamu wa tiba ya sanaa Sandra Kagin na Vija Lusebrink walieleza mwaka 1978 kwamba vifaa huivuta akili kwa namna tofauti, na wanaofanya tiba hiyo hupanga vifaa kuanzia vikaidi, yaani vinavyoukinza mkono, hadi vya majimaji. Penseli ngumu, kalamu, mkasi na picha za kubandika vinakulazimisha kupima, kuchagua na kupanga. Akili inayofikiri inabaki kazini. Rangi za maji na za vidole zinatiririka, na hisia zinatiririka nazo. Aliyeganda, asiyeweza hata kulia, rangi za maji humfungua. Wewe umeshafurika, na ulichopewa ni maji zaidi. Udongo wa mfinyanzi uko peke yake: ni mkaidi, lakini unagusa mwili, na kwa mtu mwenye kiwewe unaweza kuibua kumbukumbu ambazo hakuziita. Usianze nao ukiwa peke yako.

Kwa sasa fanya hivi, mara mbili au tatu kwa wiki, mchana. Chukua karatasi ya A4 na uibandike kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne, ukiacha ukingo wa sentimita 1. Weka sahani katikati, uizungushie penseli upate duara la kipenyo cha sentimita 18 hivi. Fanya kazi ndani ya duara tu, kwa penseli za rangi, maumbo yanayojirudia. Karatasi tupu isiyo na mpaka humsumbua mwenye wasiwasi: watafiti Curry na Kasser waliona mwaka 2005 kwamba waliopaka rangi michoro ya mandala (duara lenye maumbo yanayojirudia) au ya miraba walitulia kuliko waliopewa karatasi tupu.

Dakika 45 zinatosha. Katika utafiti wa Kaimal na wenzake wa mwaka 2016, watu wazima 39 walifanya sanaa kwa muda huo, na takriban robo tatu yao kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka. Uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiuchukue kama dawa iliyothibitishwa, lakini hoja ya "mimi sijui kuchora" unaweza kuiweka kando.

Dakika 10 za mwisho usichore. Simamisha karatasi, rudi nyuma mita 2, useme unachokiona kabla ya kusema kina maana gani: mstari mzito kushoto, katikati patupu. Wengi huruka hatua hii, wakati ndiyo inayokutenganisha na kilicho kwenye karatasi. Na achana na orodha za mtandaoni zinazosema nyeusi ni kifo. Mara nyingine nyeusi imetumika kwa sababu ndiyo penseli pekee iliyokuwa na ncha.

Ukitaka kurudi kwenye rangi za maji baadaye, tumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi ya printa, gramu 80, inajikunja na kutoboka, na mtu mwenye majonzi huona hapo kwamba hata hili limemshinda. Anza na rangi mbili na brashi nyembamba. Brashi pana na maji mengi vije mwishoni.

Acha mara moja ukiona pumzi inakatika, mikono inakufa ganzi, au chumba kinaonekana kiko mbali. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote, nawa kwa maji baridi, taja vitu vitano unavyoviona. Ikijirudia, au mawazo ya kujidhuru yakija, hapo penseli hazitoshi. Tafuta mwanasaikolojia au daktari siku hiyohiyo.

Kazi zako ziandike tarehe kwa nyuma, uzihifadhi kwenye jalada. Usichane siku hiyo, na usizipandishe mtandaoni, maana ukishajua kuna watu watakaotoa maoni utaanza kuwachorea wao.