Leseni ndogo au PPL kamili? Nenda kamili tu kaka

Kaka habari, umeuliza hapo Houston uchukue leseni ya urubani ya burudani, ya masaa 30 ya kuruka, uokoe hela, au uvumilie ile kamili ya rubani binafsi, yaani PPL, ya masaa 40. Mi ningeenda kamili moja kwa moja. Umesema ndoto yako ni kumpeleka mama watoto na watoto wawili Austin, sasa ile ndogo ni abiria mmoja tu, mchana tu, na usivuke maili 50 za angani kutoka uwanja uliojifunzia mpaka mwalimu akufundishe tena akusainie, na Austin ni zaidi ya 100, halafu kuingia uwanja wenye mnara wa kuongozea ndege nayo ni saini nyingine, na Houston ukigeuka huku mnara ukigeuka kule mnara.

Alafu hayo masaa 40 ni kima cha chini, wengi wanafika 60 na zaidi. Mi nilikwama kwenye kutua na upepo wa ubavuni, ndege inateleza pembeni, mguu unatetemeka kwenye pedali, nikarudia wiki tatu nzima. Hiyo tofauti ya masaa 10 ya kwenye karatasi isikudanganye kabisa.

Hela ikikata katikati hapo sawa, chukua ndogo upumue, masaa yako yatahesabika ukirudi kumalizia. Ila nakuomba sana, kabla hujalipa ada yoyote kapime afya kwa daktari wa marubani, bila hicho cheti huruki peke yako.