Nikishafikisha lengo la siku naegesha pikipiki. Nakosea?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kipo Msamvu, Morogoro. Pikipiki ni ya mkataba, kila siku nampelekea tajiri 10,000. Nimejiwekea lengo: nikishapata 30,000 baada ya kutoa mafuta, narudi kwa mke wangu na mtoto. Siku za kawaida naingia barabarani saa 12 asubuhi na kulifikia lengo saa 3 usiku, nimechoka hoi. Lakini wiki ya Nane Nane, watu wanapojaa, saa 6 mchana nimeshamaliza, naondoka huku abiria bado wananiita. Mdogo wangu anasoma uchumi chuoni. Kaniambia mbele ya wenzangu kijiweni kwamba kwa nadharia ya uchaguzi wa kimantiki mimi naenda kinyume, mtu mwenye akili hafanyi hivyo. Iliniuma. Kweli nakosea?

JIBU

Marahaba mwanangu. Akili unayo, tena ya kutosha kumlea mtoto na kumlipa tajiri bila kuruka siku. Mdogo wako alichokisoma ni kweli, ila kakisoma nusu.

Nadharia yenyewe inasema hivi: mtu anajua anachokitaka, anazitazama njia zilizo mbele yake, anapima faida na gharama ya kila moja, kisha anashika ile inayomfaa kuliko zote. Gary Becker, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alisimulia jinsi alivyochelewa siku moja kwenda kumtahini mwanafunzi Chuo Kikuu cha Columbia. Aliweke gari kwenye maegesho ya kulipia, au aliache barabarani pasiporuhusiwa na kubahatisha faini? Akapima uwezekano wa kukamatwa na ukubwa wa faini, akaliacha barabarani. Akiwa njiani ndipo alipoanza kuwaza kwamba hata mhalifu huenda anapiga hesabu ya namna hiyo hiyo.

Tuipeleke kwako. Siku ya kawaida saa 15 zinakupa 30,000, yaani 2,000 kwa saa. Nane Nane saa 6 zinakupa 30,000, yaani 5,000 kwa saa. Jumla saa 21, shilingi 60,000. Sasa tuseme siku ya kawaida ni Jumanne. Chukua zile saa nne za mwisho, unazozungusha pikipiki macho mazito, uzihamishie siku ya Nane Nane. Jumanne utarudi saa 11 jioni na 22,000. Nane Nane utarudi saa 10 jioni na 50,000. Saa ni zile zile 21, lakini mkononi una 72,000. Hiyo 12,000 ndiyo anayoisema mdogo wako, na kwa hilo yuko sahihi. Mimi ningeongeza ambalo hakulisema: hutaendesha gizani ukiwa umechoka. Nimekaa miaka 19 dirishani kwenye SACCOS, nikipokea marejesho ya madereva kama wewe, na kuna vitabu vya wanachama nilivyofunga mwenyewe kwa sababu ya ajali za usiku. Hilo silichukulii kwa wepesi.

Lakini usidhani ni wewe peke yako. Mwaka 1997 wachumi wanne walichapisha utafiti kuhusu madereva wa teksi wa New York. Wengi wao walikuwa wakikodi gari kwa saa 12 na kulipa kiasi maalumu, kama hesabu yako kwa tajiri. Wakakuta kwamba siku pesa inapopatikana haraka, madereva waliwahi kuondoka, na siku ngumu walikaa sana. Kama wewe kabisa. Wazoefu hawakuwa na tabia hiyo sana kama wageni wa kazi. Baadaye Henry Farber wa Chuo Kikuu cha Princeton alipekua kumbukumbu nyingi sana za teksi za mji huo huo, za mwaka 2009 hadi 2013, naye akaja na jibu tofauti: wengi huongeza saa pale pesa inapopanda, na mgeni asiyefanya hivyo ama hujifunza ama huiacha kazi. Kwa hiyo hata wachumi wenyewe wamebishana. Mdogo wako angekuambia na hilo.

Swali linalonigusa mimi ni jingine. Hilo lengo la 30,000 linakufanyia kazi gani?

Mama yangu alikuwa akipika vitumbua Ngamiani, Tanga. Kila usiku aliloweka mchele kilo tatu, si zaidi. Mwezi wa Ramadhani watu walipanga foleni jioni na wengine waliondoka mikono mitupu, na mimi, binti wa sekondari nilijuaye kila kitu, nikamwuliza kwa nini haloweki tano. Alikuwa anafuta chuma cha vitumbua kwa kitambaa chenye mafuta, shimo moja baada ya jingine, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Za tatu najua zinakwenda wapi. Ya mkaa, ya mchele wa kesho, ya ada yako. Zikizidi, pesa ikilala na mimi haiamki." Kwetu palikuwa na wajomba, majirani, misiba. Pesa isiyo na jina ilikuwa ya kila mtu.

Herbert Simon, aliyepata Nobel mwaka 1978, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba binadamu hana muda wala taarifa za kupima kila njia. Hujiwekea kiwango, na akikipata kinachotosha anasimama. Nilipomsoma, nilimwona mama na kilo zake tatu. Wewe saa 6 mchana hujui mchana utakuwaje: mvua, pancha, au msongamano wa bodaboda wenzako. Lengo linakupunguzia mzigo wa kuamua upya kila abiria anaposhuka.

Na kuna watu wa kazi yako waliofuatiliwa hapa hapa jirani. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti kwa waendesha boda za baiskeli magharibi mwa Kenya, wakiwaandikisha shughuli zao za kila siku. Siku yenye shida ya pesa, mgonjwa au ada, walifanya kazi zaidi. Pesa ya shida hiyo ikishapatikana, uwezekano wa kuacha kazi ukapanda. Lengo lao lilikuwa na jina, kama la mama.

Watafiti hao hao waliwapa wanachama wa vikundi vya upatu, eneo hilo hilo, kisanduku cha chuma chenye kufuli, waweke akiba ya afya. Waliokaa na ufunguo wao wenyewe walinunua zaidi vitu vya kinga, kama chandarua. Kisanduku ambacho ufunguo alikaa nao mtu mwingine hakikusaidia hivyo. Sikushangaa hata kidogo. Kilichohitajika ni mahali pa kuweka pesa ikiwa na jina lake, ili mtu akija kukopa uweze kusema kwa moyo safi kwamba hiyo ni ya chandarua.

Kwa hiyo mwanangu, lengo usilitupe. Lihamishe. Badala ya 30,000 kwa siku, weka 180,000 kwa siku sita. Jumanne ikikataa, saa 11 jioni rudi, mtoto akuone angali macho. Nane Nane, au mabasi yakishusha watu wengi Msamvu, endelea mpaka jioni. Kila kinachozidi 30,000 siku hiyo kiingie kwenye kibubu kabla hujaweka pikipiki ndani, na kibubu kiandikwe "hesabu ya tajiri". Jumanne mbaya inayofuata, ile 10,000 itoke humo. Mweleze mke wako mpango huu kabla ya kuuanza. Akiona umerudi saa 11 na 22,000 bila kujua sababu, atakuwa na haki ya kuuliza.

Kwanza, kwa wiki mbili, nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Kila abiria andika saa na nauli. Huenda saa zako nzuri si zile unazodhani, na hizi 2,000 na 5,000 nilizotumia ni za kugawanya tu ulichoniandikia. Ukishamaliza, kaa na mdogo wako nyumbani, si kijiweni, mlipitie pamoja. Kisha niandikie tena.