Laptopu Ikiamka Bila Waifai, Usikimbilie Ruta

Karibu kila wiki huvuka kutoka Mokowe kuja Amu (mji wa Lamu) kufanya hesabu za nyumba ya wageni ya ami yangu, Mkomani. Laptopu huifunga na kazi zote zikiwa wazi, nayo huingia haibaneti: inahamishia diskini yote yaliyomo kwenye kumbukumbu yake, kisha inazima kabisa. Nikifika naikuta hesabu kwenye mstari uleule nilioachia. Umeme ukikatika, betri yangu bado imejaa. Ila mara nyingine laptopu huamka bila waifai, na sikubaliani na wanaosema dawa yake ni kuacha kutumia haibaneti.

Siku moja wageni wamejaa, nikafungua laptopu nikakuta kila kitu kipo ila waifai. Orodha ya mitandao ilikuwa tupu. Nilimwomba ami azime ruta, kile kifaa kinachogawa waifai ya nyumba, na kuiwasha. Akafanya hivyo mara tatu, wageni wakatoka vyumbani kuuliza kulikoni. Kesho yake fundi mmoja akaniambia kadi ya waifai, yaani kipande kilicho ndani ya laptopu kinachonasa mawimbi, imekufa, ninunue ya kuchomeka pembeni. Nikanunua. Pesa ile bado inaniuma, maana kadi ya zamani haikuwa na ubovu wowote na ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Kilichotokea ni hiki. Wakati wa haibaneti kadi hukosa umeme. Laptopu inapoamka, draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, hurudi na kumbukumbu za kabla ya kulala. Isipoianzisha kadi upya sawasawa, kila mmoja huwa na habari zake, na wewe unabaki bila mtandao.

Basi kabla hujagusa ruta, shika simu. Simu ikiingia kwenye waifai ileile na ukurasa ukafunguka, ruta haina kosa. Halafu sogea. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina kuta nene zinazomeza mawimbi, na chumba cha ndani kabisa hupata kidogo sana. Mimi nilitoka na laptopu hadi dakani, hatua mbili kutoka kwenye ruta, na orodha ikabaki tupu vilevile. Hapo ningepaswa kujua kwamba si ukuta.

Orodha ikiwa tupu, iamshe kadi yenyewe. Kwenye Windows, tafuta Device Manager, fungua Network adapters, bofya jina la kadi ya waifai kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Disable device, subiri kidogo, kisha Enable device. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, majina ya mitandao ya majirani yalianza kushuka moja baada ya jingine kwenye skrini, la ami likiwa la kwanza. Nilikaa nikiyatazama tu.

Hiyo ni huduma ya kwanza. Ili tatizo lisirudi, fungua sifa (Properties) za kadi hiyohiyo, nenda Power Management, uondoe alama ya vema kwenye sentensi inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Laptopu nyingine mpya hazina ukurasa huo. Kwa hizo, pakua draiva mpya kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu. Utauliza, bila mtandao nitapakuaje? Iunganishe simu kwa waya wa kuchajia na uruhusu laptopu itumie data ya simu kupitia waya huo.

Kadi ikiwa haionekani kabisa kwenye orodha ya vifaa, zima laptopu, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha washa.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii, lakini si hii. Laptopu inaona waifai, inajiunga, lakini inadai hakuna intaneti. Mara nyingi ni anwani, yaani namba inayoitambulisha laptopu kwenye mtandao: ruta huiazimisha kwa muda, na laptopu iliyolala sana inaweza kuamka muda umekwisha. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Ukiona anwani inaanza na 169.254, jua laptopu imejipa yenyewe kwa kukosa jibu la ruta. Hapo ndipo kuizima na kuiwasha ruta kuna maana.

Jambo la mwisho ndilo lililonichelewesha kuliko yote. Nilikuwa nazima laptopu na kuiwasha, tatizo linabaki, nikaamini kadi imekufa kweli. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup: ukichagua Shut down, kiini cha mfumo na draiva zake huhifadhiwa diskini, ni haibaneti nusu. Kosa linalala na kuamka pamoja na laptopu. Chagua Restart, maana hiyo ndiyo huanza upya kweli.

Ile kadi ya kuchomeka nimempa binti ya jirani. Laptopu yake ilianguka, na kadi yake ndiyo iliyokufa kweli.