Maswali ya Wasomaji: Chaja Ipi Inaifaa Simu Yako?

SWALI: Simu yangu inakubali chaji ya wati 25. Nyumbani kuna chaja ya kompyuta mpakato ya wati 65 yenye tundu la Taipu-C. Nikiitumia, haitaiunguza simu?

JIBU: Haitaiunguza, mradi ni chaja halisi na imeandikwa PD (Power Delivery, utaratibu wa chaja na simu kukubaliana kiwango cha umeme). Hizo wati 65 ni kikomo cha chaja. Kiasi kinachoingia huamuliwa na simu. Ukishachomeka, chaja huanza na volti 5, kisha huijulisha simu viwango ilivyo navyo, na simu huchagua kinachoifaa. Soma maandishi madogo kwenye ubavu wa chaja, mstari wa Output. Chaja nyingi za wati 65 huonyesha 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A na 20V 3.25A. Zidisha volti kwa ampea upate wati. Simu nyingi zitachukua ile ya volti 9 na kuishia hapo.

Kinachoweza kukukera ni kasi. Simu kadhaa za Samsung hazifiki wati 25 bila PPS, utaratibu unaoiruhusu simu kuomba volti zipandishwe au zishushwe kidogokidogo inapoendelea kujaa. Chaja isiyo na PPS itachaji, ila taratibu. Simu zenye mfumo wao wenyewe, kama VOOC ya OPPO, nazo zinataka kichwa na waya wa mfumo huohuo ili zifikie kasi iliyotangazwa. Kwa hiyo kabla ya kulipia chaja, angalia kwanza simu inataka mfumo gani, ndipo uulize wati.

SWALI: Nimebadilisha kichwa cha chaja, nikaweka cha wati 45, lakini simu inachaji polepole kama zamani. Nimeuziwa bandia?

JIBU: Huenda kichwa hakina kosa. Tunaomba uanze na waya, maana watu hununua vichwa vya gharama wakavifunga kwenye waya wowote uliopo.

Waya wa kawaida wa Taipu-C pande zote mbili hubeba ampea 3. Wa ampea 5 lazima uwe na chipu ndogo ndani ya plagi inayoutambulisha waya kwa chaja. Chipu isipokuwepo, chaja haitoi zaidi ya 3. Simu za Samsung za wati 45 zinahitaji huo wa ampea 5. Tafuta maandishi 5A kwenye waya au kifungashio chake.

Kuna pia upotevu njiani. Tuseme waya ni mrefu, shaba yake nyembamba, na ukinzani wake kwenda na kurudi ni omu 0.3. Ukipitisha ampea 2, volti 0.6 zinaishia kwenye waya kama joto, na kati ya volti 5 simu inapata 4.4. Ikiona hivyo inapunguza umeme inaouvuta. Mita moja inatosha kwa matumizi mengi. Ukitaka mita mbili, chagua waya mnene.

Nyaya nyingine zimepunguzwa zile za ndani zinazopitisha data, zikabaki za umeme tu. Ukiunganisha waya wa namna hiyo na chaja ya tundu la USB la zamani, simu inaweza kushindwa kuitambua chaja na kujibana kwenye nusu ampea. Kupima ni rahisi: unganisha simu na kompyuta kwa waya huo, kubali kuhamisha mafaili. Kama kompyuta haiioni simu kabisa ilhali kwa waya mwingine inaiona, umempata mhalifu.

Waya ukiwa mzima, zima simu umulike tundu lake. Vumbi na nyuzi za mfukoni hujibana chini hadi plagi haizami yote. Zitoe polepole kwa kijiti cha meno cha mbao, bila kugusa ule ulimi wa katikati. Pini ya chuma inaweza kuharibu miguso yake. Halafu pima kasi betri ikiwa chini ya asilimia 50, kwani ikipita 80 simu yoyote hupunguza kasi makusudi.

SWALI: Nikichaji, kioo kinajibonyeza chenyewe na herufi zinaruka. Nikichomoa kinatulia.

JIBU: Acha kutumia chaja hiyo leo. Kioo hufanya kazi kwa kuhisi mabadiliko madogo mno ya umeme wa kidole, na chaja ambayo mtengenezaji wake amebania vichujio, yaani sehemu za ndani zinazosafisha umeme, hupeleka umeme wenye mawimbi yanayokichanganya. Jaribu chaja nyingine nzuri kwenye soketi ileile. Tatizo likiisha, chaja ndiyo mbovu. Tunalisisitiza hili kwa sababu palipobaniwa vichujio, mara nyingi pamebaniwa pia kizuizi kati ya umeme wa ukutani na upande wa simu, na hicho ndicho kinachokulinda wewe usipigwe na umeme. Usimpe mtu mwingine aitumie.

SWALI: Kuacha simu kwenye chaji usiku kucha kunaua betri?

JIBU: Simu husimamisha chaji yenyewe ikijaa. Kinachoichosha betri ni joto, na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni. Usiiweke chini ya mto au juu ya godoro, na kama mipangilio ya betri ina chaguo la kuishia asilimia 80, liwashe. Kwa chaji ya usiku, chaja ya wati 10 inatosha kabisa, na simu haitapata moto sana.