Kukohoa kwa nguvu siyo kusafisha kifua

Pole sana mkuu. Umesema una bronkiektasia (ugonjwa wa mirija ya hewa ya mapafu kutanuka), umepewa mazoezi ya kutoa makohozi, kila asubuhi unakohoa nusu saa mpaka mbavu zinauma na hakitoki cha maana, sasa unauliza uache? Usiache. Ila unachofanya ni kukohoa tu, mazoezi yenyewe bado hujayaanza. Nami nilipoteza karibu mwaka mzima hivyo hivyo.

Huu ni mwaka wangu wa 11 na ugonjwa huo. Mirija ya hewa ikishatanuka na kulegea, makohozi yanatuama huko chini na vijidudu vinapata makazi. Ukikohoa kwa fujo kifua kinajibana, mirija iliyolegea inajifunga, na kohozi linabaki limefungiwa ndani. Kwanza inabidi hewa ifike nyuma yake.

Ninavyofanya: nakaa wima, mabega nimeyashusha, napumua taratibu kwa tumbo kama dakika moja. Kisha navuta pumzi ndefu, naishikilia sekunde 3, naiachia itoke yenyewe. Mara 3 au 4 zinatosha, ukizidisha kizunguzungu hakichelewi. Hizo sekunde 3 usizidharau, ndizo zinazoipa hewa muda wa kupenya vinjia vya pembeni hadi nyuma ya kohozi. Narudi kupumua taratibu, halafu ndiyo nafanya ninayoiita "haa": mdomo wazi, koo wazi, natoa hewa kama mtu anayetia ukungu kwenye miwani aifute. Naanza na pumzi ya wastani na haa ndefu, hiyo inavuta ya mbali. Likishapanda karibu na koo, navuta pumzi kubwa, haa fupi yenye nguvu, kisha nakohoa mara moja au mbili. Basi. Narudia mzunguko.

Mtaalamu wa fiziotherapia wa kwanza alinipa karatasi ya michoro na dakika 5 za maelezo, nikaenda nyumbani kukwaruza koo. Wa pili alinishikisha kiganja changu mwenyewe kifuani. Nikipiga haa sawasawa, chini ya vidole kulikuwa na mtetemo kama wa sufuria inayotokota, na baada ya siku kadhaa nilijua kabisa uko upande gani. Jaribu hilo. Ukisikia mlio wa filimbi, umekaza mno, legeza.

Kingine nilichokuwa nakosea ni mpangilio wa dawa. Ya kufungua njia za hewa zilizobana navuta kwanza, nasubiri kama dakika 15. Maji ya chumvi ya nebulaiza (mashine inayoyageuza kuwa ukungu wa kuvuta) yanafuata, yanalainisha. Antibiotiki ya kuvuta, kama unayo, huja mwisho kifua kikiwa kimesafishwa. Mimi nilikuwa naitanguliza, dawa yote inatua juu ya makohozi nami nayatema!

Kile kifaa cha kupulizia chenye gololi ndani ninacho, kinasaidia siku nzito, lakini hakichukui nafasi ya haa. Na kioshwe na kukaushwa kila siku. Kulala kichwa kikiwa chini kulinipa kiungulia cha kufa mtu, nikaacha. Sasa nalala ubavu tu, upande wenye makohozi ukiwa juu. Usifanye ukiwa umetoka kula.

Haa 2 mfululizo zikitoka kavu, simamisha. Hazijakauka na dakika 30 zimefika? Simamisha pia, uchovu haukusafishii kitu.

Ukiona damu, acha mazoezi uwasiliane na daktari wako, na ikiwa nyingi nenda dharura moja kwa moja. Makohozi yakibadilika rangi au yakazidi ya kawaida yako, hilo nalo ni la daktari, siyo la kuongeza mizunguko.

Kesho asubuhi anza na kiganja kifuani, urudi utuambie mtetemo umeusikia upande gani.